UZI: Kununua gari la mtumba ukiwa Mtwara au Lindi, muuzaji yuko Japani au Dar

MzeeWaMikindani:

Habari zenu wakuu.

Minada ya korosho ikikaribia, maswali ni yale yale: nimeona gari mtandaoni, bei imenikaa, nianzie wapi? Tuyaweke pamoja hapa. Uzi unamhusu aliyeko Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba au Nachingwea anayenunua gari asilolitia machoni, liwe kwa muuzaji wa Japani au kwenye yadi ya Dar. Mafundi, mawakala wa forodha na madereva wa kusini, karibuni mrekebishe na kuongeza.

Msimamo wangu ni mmoja: pesa itoke kwa hatua, na kila hatua iwe na karatasi yake uliyoisoma kabla ya kulipa. Wanaolizwa wengi ni waliolipa kwa kuangalia picha.

Nianze na Japani. Bei kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni FOB, yaani gari likiwa limepakiwa melini huko huko Japani. Nauli haimo. Na nauli ya meli za magari hukokotolewa kwa mita za ujazo, uzito hauangaliwi. IST ya kwanza (NCP60 na NCP61) ina urefu wa mita 3.855, upana 1.695 na kimo 1.53. Zidisha, unapata mita za ujazo 10 hivi. Noah au Hiace inapita hapo mbali hata kama FOB yake imelingana na ya IST. Kwa hiyo ukilinganisha magari mawili, linganisha C&F (bei ya gari pamoja na nauli) ya Dar es Salaam. Bima ya shehena inayoingia nchini inatakiwa ikatwe kwa kampuni za hapa hapa, usilipishwe mara mbili na muuzaji anayekuandikia CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani.

Proforma, yaani ankara ya awali anayokutumia muuzaji, iwe na namba ya chasisi iliyokamilika. Kwenye tangazo tarakimu za mwisho hufichwa kwa nyota, sawa, lakini kwenye proforma nyota hazikubaliki. Iwe pia na mwaka na mwezi, ujazo wa injini, FOB na nauli zikiwa zimetenganishwa, bandari ya kushushia, na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye TIN.

Akaunti ya benki lazima iwe kwa jina la kampuni iliyotoa proforma. Jina la mtu binafsi, au benki ya nchi nyingine isiyohusiana na muuzaji, simama hapo hapo. Utapeli unaokamata hata wajanja ni barua pepe inayokuja katikati ya mazungumzo ya kweli: "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tumia hii mpya." Mtu ameshaingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu na anasoma kila kitu. Dawa yake ni kupiga simu, tena kwa namba uliyoitoa kwingine. Chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama. Chukua simu humo, achana na ile iliyoandikwa chini ya barua pepe.

Ukifika benki kutuma TT (hawala ya benki kwenda nje), waambie gharama zote zibebwe na mtumaji, kwenye fomu ni OUR. Ukichagua SHA, yaani gharama mgawane na mpokeaji, benki za katikati hukata chao njiani, pesa inafika pungufu, na gari linaweza kukosa meli kwa sababu ya dola 20 au 30.

KoroshoTandahimba:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kodi ndipo tunapochanganyikiwa. Nalenga IST au Probox, cc 1500. Wengine wanasema kodi ni nusu ya bei ya gari, wengine wanasema inalingana na gari lenyewe. Tumwamini nani?

WakalaBandarini:

Waamini wote, kaka, kila mmoja anataja gari la umri wake. Nipige hesabu hapa hapa.

Tuseme thamani ya forodha ni dola 3,000 na injini ni cc 1,496. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 750, sasa uko kwenye 3,750. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5 ya hiyo 3,750, yaani 187.50. Gari likiwa na umri chini ya miaka 8 unakwenda moja kwa moja kwenye VAT ya asilimia 18, ambayo ni 708.75. Jumla dola 1,646.25.

Gari hilo hilo likiwa na miaka 8 hadi 10, inaingia asilimia 15 ya uchakavu: 562.50. VAT nayo inapanda mpaka 810 kwa sababu inatozwa juu ya vyote vilivyotangulia. Jumla 2,310.

Likizidi miaka 10 uchakavu unakuwa asilimia 30, yaani 1,125, VAT 911.25, jumla 2,973.75. Hapo ndipo wanaposema kodi inalingana na gari.

Juu ya hapo kuna tozo ya reli, ada ya forodha na gharama za usajili. Injini isiyozidi cc 1,000 haina ule ushuru wa bidhaa wa ujazo, ya zaidi ya cc 2,000 inatozwa asilimia 10. Viwango huguswa bajeti mpya inapoanza Julai 1, kwa hiyo siku ya kuamua ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka aina, modeli, mwaka na cc, usome chenyewe.

Na thamani inayotumika ni ya kwenye kanzidata ya TRA pale invoisi yako inapokuwa chini yake. Ukibahatika kupata gari kwa dola 1,800 na kanzidata inasema 3,000, kodi itapigwa kwenye 3,000. Muuzaji anayekuambia "nitakuandikia invoisi ndogo" hakusaidii kitu, anakuweka kwenye matatizo bure.

MzeeWaMikindani:

Marahaba Tandahimba. Mwenzetu wa bandarini amegusa umri, nami niongeze jambo linalotuhusu sana sisi wa kusini. Pesa ya korosho inaingia Oktoba, Novemba, Desemba. Meli kutoka Japani hadi Dar ni wiki nne hadi sita, na kabla ya hapo gari linasubiri nafasi ya kupakiwa. Ukilipa katikati ya Novemba, gari linashuka Januari.

Umri unahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililokuwa na miaka 7 ulipolipa linafika likiwa na 8. Lililokuwa na 10 linafika na 11. Kwa mfano huo wa dola 3,000, kuvuka mstari mmoja tu ni dola 663.75 zaidi, na muuzaji wa Japani haimhusu. Kwa hiyo anayelipa Novemba au Desemba apige hesabu ya kodi kwa mwaka unaokuja. Ikitoka vizuri kwa mwaka huu pekee, chagua gari la mwaka mmoja mbele zaidi.

FundiChikongola:

Na mwaka wenyewe una mtego. Tangazo la Japani huandika mwaka wa usajili wa kwanza. Gari linaweza kutengenezwa Novemba likasajiliwa Februari, tayari umekosea mwaka mmoja. Omba picha ya kibandiko cha mkanda wa kiti, kiko chini kabisa pale mkanda unapoingia kwenye nguzo ya mlango. Uvute mkanda mpaka mwisho. Hapo pana tarehe ya kutengenezwa mkanda, na mkanda hutangulia gari kwa muda mfupi tu.

Picha hiyo hiyo inakupa na jambo la pili. Mkanda uliovutwa wote ukionyesha mstari wa tope au doa la maji kwenye sehemu ambayo kwa kawaida imejikunja ndani, gari hilo limelala kwenye mafuriko. Viti vinasafishika na kapeti linabadilishika, lakini mkanda wengi husahau. Angalia pia kutu kwenye reli za viti na kwenye boliti za chini ya dashibodi. Gari la mafuriko litawaka vizuri siku ya kwanza. Shida huanza miezi baadaye, plagi za nyaya zikishaota kijani: taa ya ABS, madirisha, kompyuta ya injini, kila wiki kitu kipya.

Sasa karatasi ya mnada. Magari mengi ya wauzaji wa Japani yamepita mnadani, na kule mkaguzi hujaza karatasi moja. Dai nakala yake, iliyo na chasisi inayolingana na proforma. Daraja la jumla huwa juu kwenye kona: 4.5 na 4 ni gari safi, 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo ya kawaida ya umri, 3 ni la kazi nyingi zaidi. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Hapo inategemea lilitengenezwa wapi: ikiwa ni nguzo, chasisi ya mbele au sakafu ya buti, achana nalo.

Halafu kuna mchoro wa gari lililofunuliwa, umejaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mawimbi ya rangi iliyorudiwa (hapo pana puti), S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, X ni sehemu ya kubadilisha na XX imeshabadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa, 1 ndogo, 3 kubwa. A1 na U1 usipoteze usingizi. W3 kwenye bamba la nyuma pamoja na XX kwenye mlango wa nyuma upande ule ule, hapo gari limepigwa ubavuni hata kama daraja linasema 4.

Kwetu pwani S na C zinanitisha kuliko A na U zote. Gari lililoishi Hokkaido au mikoa ya theluji, barabara zake humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Kutu imeshaanza huko chini, halafu unalileta Mikindani kwenye upepo wa bahari. Omba picha za chini ya gari zisizopungua sita: bomba za breki, mashikio ya mikono ya saspensheni ya nyuma, sehemu ya jeki pande zote mbili, sakafu ya tairi la akiba, mkia wa ekzosi. Zikiwa na rangi nyeusi mpya inayong'aa kote, uliza kuna nini chini ya rangi.

BintiNachingwea:

Ahsante fundi. Kilomita je? Nimeona gari la 2008 lina kilomita 61,000, dashibodi inang'aa. Na karatasi imeandikwa H20, ndiyo nini?

FundiChikongola:

H20 ni kalenda ya Japani, dada. H ni Heisei, ongeza 1988: H20 ni 2008. R ni Reiwa, ongeza 2018: R1 ni 2019.

Kilomita zitafute kwenye karatasi, dashibodi usiiamini. Gari likifutwa usajili Japani ili litoke nje hupewa cheti cha kusafirisha, na humo kuna kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa serikali. Gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2. Probox zilizosajiliwa kama gari la mizigo hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka 2 ya mwanzo, kwa hiyo kumbukumbu zake ziko karibu karibu. Ukaguzi ukisema 118,000 na dashibodi inasema 61,000, umeshapata jibu. Cheti hiki muuzaji lazima awe nacho, bila hicho gari haliondoki Japani. Akisema hana, maana yake hajataka kukuonyesha.

Probox ya kilomita 150,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati inazidi IST ya 60,000 iliyokaa miaka mitatu uwanjani. Kwa hiyo usiikimbie namba kubwa, kimbia namba inayopingana na karatasi.

WakalaBandarini:

Niendelee na upande wangu. Gari likishapakiwa, muuzaji anatakiwa akutumie BL (hati ya shehena ya meli), invoisi, cheti cha kufutiwa usajili na cha ukaguzi pale kinapohitajika. Kabla BL haijachapishwa utatumiwa rasimu. Isome kama mkataba wa shamba! Jina likiwa tofauti na TIN kwa herufi moja, au chasisi ikikosewa tarakimu, kurekebisha meli ikiwa njiani ni malipo, na ikishafika ni malipo pamoja na siku za kukaa bandarini.

Nyaraka halisi zije kwa kampuni ya vifurushi mapema, ziwe mkononi mwa wakala meli ikiwa bado baharini. Siku za bure za kuhifadhi gari zikiisha, gharama inahesabika kila siku, na gari likihamishiwa bandari kavu kuna gharama nyingine. Aliyeko Newala anayesubiri kutuma nyaraka Dar baada ya kusikia meli imefika ameshachelewa.

Wakala awe na leseni ya TRA, na akupe makadirio yaliyogawanywa: kodi, bandari au bandari kavu, kampuni ya meli, na ada yake mwenyewe. Akikupa namba moja ya jumla, mrudishie. Kodi na tozo za serikali zinalipwa kwa kontroli namba, na kontroli namba unalipa mwenyewe ukiwa Masasi, benki au kwenye simu. Wakala apokee mkononi ada yake tu na zile gharama ndogo zenye risiti. Mivutano mingi ya watu wa mikoani na mawakala inaanzia kwenye kumtumia mtu pesa yote ya kodi kwenye simu yake.

Mwombe pia apige picha za gari siku ya kulipokea: namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma, kilomita, redio, jeki, spana ya tairi, tairi la akiba, funguo ngapi. Zilinganishe na picha za Japani. Jeki na redio ndizo zinazopenda kupotea njiani.

MjasiriamaliLindi:

Mmeeleza vizuri, ila kwa nini mtu ajisumbue hivyo wakati yadi za Dar zimejaa? Unaliona, unaliwasha, unaondoka nalo. Kuagiza unafunga pesa miezi miwili na nusu.

MzeeWaMikindani:

Kwa mwenye haraka una hoja. Ila yule wa yadi naye ameagiza kwa njia hii hii, akaweka faida yake, na ile karatasi ya mnada kwake mara nyingi "imepotea". Kwa Mlindi, Dar ni mbali pia: kilomita 450 na kitu. Watu wengi wanamtuma shemeji aliyeko Mbagala akaangalie, na shemeji anaangalia rangi.

Ukienda yadi, swali la kwanza ni kama gari limelipiwa kodi au liko bondi. Bei ya bondi haina kodi, na gari halitoki hadi kodi ilipwe. Tangazo linaweza kukuonyesha milioni 7 wakati gharama ya kulitoa ni zaidi ya milioni 12. Kama limeshasajiliwa, kadi ina jina la nani? Kama ni la yadi au la mtu wa kwanza, kuna kuhamisha umiliki, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani pamoja na ada zake. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa.

Malipo yaende akaunti ya kampuni, na udai risiti ya EFD. Dalali apewe chake kando, na bei ya gari isipite kwenye simu yake. "Tuma nauli ya dereva kwanza gari lije Mtwara ulione" ni wizi, basi.

DerevaKusini:

Kwa gari lililokwisha kutembea Tanzania, namba D au namba E, fanya haya kabla hujapanda basi kwenda Dar. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani uone deni. Ingiza kwenye mfumo wa TARURA uone deni la maegesho, maana magari ya Dar yanalimbikiza. Ingiza kwenye mfumo wa TIRA uone kama stika ya bima ni halali. Yote matatu yako mtandaoni, hayafiki dakika kumi.

Kadi iangalie vizuri. Kama ina jina la benki au taasisi ya mikopo pamoja na la mwenye gari, kuna mkopo. Usilipe mpaka taasisi itoe barua ya kumalizika kwa deni na kuachia kadi. "Kadi iko kwa mwanasheria" au "nitakutumia kwa basi" si majibu. Kadi halisi ionekane, chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma zilinganishwe.

Mkataba wa mauziano ugongwe muhuri wa wakili. Uandike chasisi, injini, kilomita, bei, tarehe na SAA ya kukabidhiana. Saa ni muhimu: faini au ajali ya asubuhi ni ya muuzaji, ya jioni ni yako. Namba ya NIDA na TIN za pande zote mbili ziwemo.

FundiChikongola:

Na fundi wa kulikagua umtafute wewe, asitoke kwa yadi. Mlipe kwa kazi, liuzike lisiuzike. Mwambie afike kabla gari halijawashwa siku hiyo. Akikuta injini imeshapata moto, mwambie asubiri au arudi kesho, maana wenye magari mabovu hupenda kuyapasha kwanza.

Likiwa baridi afungue kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi yake, yasiwe na mafuta juu wala tope la kahawia. Afungue kifuniko cha oili, atazame kama kuna povu la maziwa. Kisha aweke ufunguo bila kuwasha: taa ya injini, ya ABS na ya eabegi lazima ziwake zote, halafu zizime baada ya gari kuwaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni mbaya kuliko iliyowaka na kubaki, kwa sababu kuna mtu ameitoa au ameifunika.

Likiwashwa, moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto na maji yanapungua, ni gasketi ya silinda hedi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, hilo linatengenezeka.

Halafu jueni injini. 1NZ-FE ya IST na Probox ina cheni, haina makuu. 1ZZ-FE za mwanzo hunywa oili kwa sababu ya ringi. 2AZ-FE ikichemka, boliti za hedi hung'oa nyuzi kwenye bloku, na miongoni mwa zilizotoka 2006 hadi 2009 zipo zinazokula oili. Injini za D-4 za Toyota, zile zenye FSE mwishoni, kama 1AZ-FSE, zina pampu ya presha kubwa na kaboni kwenye manifoldi. Fundi wa kuzijua hapa Mtwara utamtafuta kwa tochi. 1KZ-TE ya dizeli ikichemka mara moja, hedi inapasuka. Usinunue gari ambalo kila spea yake lazima itoke Kariakoo kwa basi.

KoroshoTandahimba:

Na Kirikuu je? Huku juu wengi wanaitaka kwa korosho.

FundiChikongola:

Suzuki Carry ya cc 660 imewekewa mzigo wa kilo 350 huko Japani. Gunia la korosho la kilo 80, manne ni kilo 320. Umefika. Watu wanapanga kumi halafu wanalaumu springi. Kwa injini chagua K6A ya cheni. F6A ina mkanda wa taimingi, ubadilishe ukishaipata hata kama muuzaji ameapa. Kwa mchanga wa Tandahimba na Newala tafuta yenye magurudumu manne yanayovuta, na ujaribu 4WD kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi hazijawahi kuingizwa huko zilikotoka.

Faida yake nyingine ni kodi, iko chini ya cc 1,000. Lakini umri wa uchakavu hesabu kwa kikokotoo, usikisie.

DerevaKusini:

Safari ya kulileta. Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi. Gari la kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 47, weka 55.

Kosa kubwa ni kuchukua gari bandarini na kuliingiza barabarani siku ile ile. Limekaa miezi bila kutembea. Kwanza tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT. 1815 ni wiki ya 18 ya mwaka 2015, hilo halifiki Ikwiriri kwa spidi na joto letu. Soma pia ubavuni, tairi lililoandikwa STUDLESS ni la theluji. Raba yake ni laini, kwenye lami ya saa nane mchana linapata moto na kumenyeka. Badilisha yote manne Dar, huko chaguo ni kubwa.

Betri, maji ya rejeta, mafuta ya breki, feni ya rejeta iwake injini ikipata moto. Uwe na tairi la akiba lenye upepo, jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Bima ianze siku ya kukabidhiwa. Gari la thamani hiyo na safari hiyo, kata bima kubwa kabla hujatoka. Toka alfajiri, vuka Daraja la Mkapa mapema, pumzisha gari Nangurukuru na usikilize: gusa ringi za magurudumu moja moja, ile yenye moto kuliko zenzake ina breki iliyokamata au beringi. Kwenye makazi ni 50, na tochi zipo.

Machi mpaka Mei uliza hali ya barabara kabla. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, na njia ya kuzunguka ni Songea, Tunduru, Masasi, ambayo kwa gari usilolijua ni safari nyingine kabisa.

BintiNachingwea:

Likishafika nyumbani salama, la kwanza kubadilisha ni nini? Na redio inashika stesheni chache mno, ni mbovu?

FundiChikongola:

Redio nzima hiyo, dada. FM ya Japani inaanzia 76 mpaka 90 hivi, zetu ziko 88 mpaka 108. Weka kigeuzi cha masafa nyuma ya redio au funga redio nyingine.

Oili ya injini ibadilishwe Dar kabla ya safari. 1NZ-FE ni lita 3.7 pamoja na filta, usimwage galoni nzima ya lita 4. Huku nyumbani badilisha filta ya hewa, plagi, maji ya rejeta (kuleni, si ya bomba), mafuta ya breki, na kagua bushi na shokapu.

Giaboksi ndipo watu wanapoua gari. IST ya kwanza na Probox za kabla ya maboresho ya 2014 zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, IST hiyo inatumia mafuta ya giaboksi ya ATF T-IV. IST ya pili ya cc 1500 isiyo 4WD, NCP110, ni CVT (otomatiki ya mkanda wa chuma badala ya gia), inataka mafuta ya CVT ya Toyota, TC au FE. Nissan nyingi za CVT ni NS-2 au NS-3, imeandikwa kwenye kitabu. Ukimwaga "haidroliki nyekundu" ya kawaida kwenye CVT, mkanda wa chuma wa ndani unaanza kuteleza, gari linavuma bila kwenda, na kinachofuata ni kununua giaboksi. Kabla ya kumruhusu fundi yeyote kufungua, mwambie akuonyeshe kopo na usome mwenyewe lililoandikwa. Na mafuta ya zamani yapimwe kwa jagi yalivyotoka, yarudishwe kiasi hicho hicho kwanza, ndipo kiwango kikaguliwe injini ikiwa na moto na gari liko sawasawa.